Habari za Tangu Jana

Barka, saa kumi na moja na nusu,
na joto tayari limekaa mlangoni kama mdai.
Shafiqul ananifungulia lango la nyuma.
"Hujambo?" Neno hili kalipata kwangu, mwaka wa tatu sasa.
"Sijambo," namjibu, na sikulala.
Ndivyo tulivyolelewa: hata mwenye kukata roho
sijambo kwanza, maradhi baadaye.

Marinda hana sijambo.
Fisi milia, miaka tisa, mkunjo juu ya mkunjo ubavuni,
ndiyo maana nikamwita hivyo;
daftarini yeye ni F-2.
Hatumchomi sindano. Hatumfungi kamba.
Mwaka juzi walimpiga mshale wa usingizi wapate damu,
na damu ikasema hofu,
hofu ya mshale.
Ukimgongea mtu mlango kwa shoka
usimuulize mbona anatetemeka.

Kwa hiyo nainama na kijiko na mfuko.
Kinyesi cha fisi kikikauka huwa cheupe, chokaa ya mifupa,
na hiki kinametameta kijani:
juzi nilimtilia punje za kumeta kwenye nyama,
mumewe nikamtilia nyekundu,
asije mmoja akasingiziwa huzuni ya mwenzake.
Tarehe, saa, kalamu ya wino mzito.
Kisha frijini, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
kando ya boksi la aiskrimu
ambalo hakuna anayekiri kuwa ni lake.

Mama mkwe anasema: binti msomi, kazi yake mavi.
Naam. Lakini mavi hayana adabu ya kudanganya.
Yanasafiri tumboni siku nzima
na yakifika yanatoa habari za tangu jana.

Nakaa nyuma ya turubai na saa mkononi.
Analala. Ananusa. Anajikuna.
Anazunguka: hatua kumi na tisa, ukuta,
hatua kumi na tisa.
Kamera ya joto inalichora jicho lake kama kaa.
Natia alama, alama, alama,
wala siandiki "masikini",
jedwali halina safu ya masikini.

Miezi minne. Sote tulidhani ni Ijumaa,
watoto na pakiti zao za chipsi, wakimdai kicheko
asichokuwa nacho (mcheka ni yule wa madoa,
wa bara alikotoka bibi yangu).
Lakini grafu ya Daktari Thuraiya ikasimama Jumatano,
kila Jumatano, kama mnara wa simu jangwani.
Jumatano ni habari za Jumanne.
Na Jumanne kuna nini?

Shafiqul ndiye aliyenyamaza kwanza.
Jumanne anasugua. Klorini, brashi, mpira wa maji,
kuta nne zing'ae, mkaguzi apite asifu.
Usafi ni katika imani.
Kumbe pale jiweni, kwenye nyasi kavu, kwenye kona,
Marinda huwa amepaka harufu yake wiki nzima,
kidogo kidogo, anaandika:
ni mimi, nipo, jana nilipita hapa.
Nasi kila Jumanne tunamfuta.

Sasa ukuta wa mashariki hauguswi.
Unanuka. Mkaguzi ameandika barua.
Mstari umeshuka, si sana, si kila wiki;
jioni nyingine kumi na tisa bado ni kumi na tisa.

Shafiqul wamemhamisha chumba kambini,
mara ya tatu mwaka huu.
Picha za wanawe zimo bahashani, hajazibandika.
Asubuhi, kabla ya ndoo, kabla ya funguo,
huenda akasimama mbele ya ukuta ule unaonuka
kama msomaji wa gazeti.

Leo kageuka, kaniuliza: "Hujambo?"
Nilikuwa na mengi.
"Sijambo," nikasema. "Na wewe?"
"Sijambo."
Nikainama na kijiko.